Rangi kwenye nywele zilizochoka: soma dalili kabla ya kufungua boksi

Nywele iliyochoka bado inaweza kupokea rangi. Kinachoimaliza ni kunyang'anywa rangi yake ya asili, na hapo ndipo mambo huharibika kwa mtu anayekuja saluni akisema anataka "rangi tu". Kutoka nyeusi iliyopauka kwenda nyeusi iliyoiva, au kuongeza wekundu wa maruni unaoonekana juani, ni kuweka. Kutoka nyeusi kwenda blondi, asali au shaba ni kutoa kwanza, halafu kuweka. Hizo ni kazi mbili, na bei yake kwa nywele hailingani.

Blichi inatoa tu. Rangi ya kudumu, ile inayochanganywa na divelopa, inatoa kidogo na kuweka kwa wakati mmoja. Rangi ya kupaka isiyo na divelopa wala amonia inaweka tu, na inaondoka polepole kadiri unavyoosha. Katikati yake kuna ile yenye divelopa dhaifu, inayodumu zaidi lakini haing'arishi nywele ya kuhesabika. Divelopa yenyewe ni haidrojeni peroksaidi: namba 10 ina asilimia 3, 20 ina asilimia 6, 30 ina asilimia 9 na 40 ina asilimia 12. Kwenye nywele zilizoharibika mimi sivuki namba 10, na mara nyingi hata hiyo naiacha kabatini. Namba 40 inayouzwa kwenye chupa ndogo ya kupimiwa, bila lebo, sioni kazi yake kwenye kichwa cha mtu yeyote.

Basi kabla ya kuchagua rangi, jua nywele zimeumizwa na nini. Uharibifu wa pasi si uharibifu wa dawa ya kulainisha nywele, na uharibifu wa dawa si wa blichi. Kila mmoja una dalili zake na una tiba yake, na mwingine hauna tiba zaidi ya mkasi.

## Kwanza zipime

Osha nywele kwa shampuu peke yake. Usiweke kondishena wala mafuta, kwa sababu vyote viwili vinaficha ukweli. Chukua nywele chache zilizotoka kwenye chanuo, kutoka sehemu tofauti: mbele usoni, utosini, pembeni juu ya masikio na kisogoni. Nywele za kisogoni huwa nzima kuliko za mbele, kwa hiyo usipime za kisogo halafu ukajipa moyo kwamba kichwa chote kiko salama.

Shika unywele mmoja uliolowa, ncha huku na mzizi huku. Kama ni wa kipilipili, unyooshe mpaka mkunjo wake uishe. Hapo bado hujaanza kupima, umeufungua tu. Sasa vuta taratibu. Unywele mzima ukiwa umelowa hurefuka hadi karibu theluthi ya urefu wake, na ukiuachia unarudi. Ukikatika mara moja bila kuvutika, umekauka ndani au umejaa protini. Ukivutika, ukaendelea kuvutika, na ukiuachia unabaki hapohapo, vifungo vya ndani vimevunjika.

Kisha pitisha vidole kutoka nchani kwenda kwenye mzizi, kinyume na magamba ya unywele yanavyolala. Ukihisi mikwaruzo, magamba yamenyanyuka, na nywele ya namna hiyo itafyonza rangi haraka na kuipoteza haraka. Kile kipimo cha kutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji uone kama unazama sikiamini. Unywele wenye mafuta kidogo tu utaelea hata kama umetobokatoboka.

Mwisho, tandaza kwenye sahani nyeupe nywele zilizobaki kwenye chanuo. Zenye kinundu cheupe upande mmoja zimetoka kwenye mzizi, na kutoka nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida kwa binadamu. Aliyefumua rasta za miezi miwili ataona fungu kubwa la kutisha, lakini ni zile za kila siku zilizokuwa zimekwama ndani ya msuko. Vipande vifupi visivyo na kinundu ndivyo vya kukuhangaisha, maana hizo zimekatika. Ukiona vipande vingi kuliko nywele nzima, ahirisha rangi.

## Zikilowa zinavutika na hazirudi

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote. Unaosha, unazikuta nywele zimelainika kupita kiasi, zinanata vidoleni kama tambi zilizoiva mno, na zikikauka zinakuwa za kukwaruza na hazishiki mtindo wowote.

Chanzo kikubwa ni blichi: imekaa muda mrefu, imerudiwa juu ya sehemu ileile, au imepakwa juu ya nywele zenye dawa. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi za keratini zimeshikana kwa vifungo vya salfa. Blichi inapokula rangi ya asili inavunja na hivyo vifungo. Ikizidi, rangi imetoka ndiyo, lakini na kilichokuwa kinashikilia unywele kimeondoka nayo.

Kuna chanzo kingine cha upole: mtu anayelala na kondishena chini ya mfuko wa plastiki kila siku mbili, anapiga stimu kila wiki, na hajawahi kugusa kitu chenye protini. Tofauti iko kwenye historia. Kama blichi haijawahi kupita hapo, tritimenti moja au mbili za protini huzirudisha.

Kama blichi imepita, divelopa ya aina yoyote marufuku kwanza, hata namba 10. Weka tritimenti ya protini; kwenye lebo tafuta neno hydrolyzed likitangulia jina la protini, maana yake imevunjwa vipande vidogo vinavyoweza kuingia ndani ya unywele. Yai na mayonezi haviingii. Protini yake ni kubwa mno, inabaki juu na kukuachia harufu. Yai bora ulile. Zipo pia tritimenti za kujenga upya vifungo, ambazo Olaplex ilizifanya zijulikane tangu 2014. Hizo zinasaidia kweli kwenye nywele zilizopigwa blichi, mradi unywele bado upo wa kusaidiwa. Zile sehemu zinazobaki mkononi ukizigusa, kata.

Zikianza kuvutika na kurudi, paka rangi ya kupaka isiyo na divelopa. Nyingi zimetengenezwa juu ya msingi wa kondishena, kwa hiyo nywele hazipati kipigo kingine. Zitashika sana siku ya kwanza na kupauka mapema. Zirudie tu, ni kazi ya dakika chache na haiongezi madhara.

## Kavu, ngumu, zinakatika bila kuvutika

Hapa vyanzo ni vinne, na watu huvichanganya kila siku.

Joto. Angalia mbele na juu, mahali pasi ya nywele inapoanzia na kurudiwa. Utaona vinukta vyeupe karibu na ncha, na unywele unakatikia hapohapo. Kwa wenye nywele asilia, dalili ni kwamba ukiosha, mkunjo haurudi: kisogoni zimejikunja, mbele zimelala. Mbaya zaidi ni pasi juu ya nywele ambazo hazijakauka vizuri. Maji yaliyomo yanachemka na mvuke unatoboa mapovu ndani ya unywele. Mkunjo uliouawa na joto haufufuki. Nywele hizo zinapakika rangi ya kuweka, lakini zitaifyonza kuliko jirani zake, kwa hiyo chagua rangi nyepesi kidogo kuliko unayotaka.

Protini iliyozidi. Huyu ni yule aliyesoma kwamba protini inajenga, akaiweka kila wiki: shampuu ya protini, tritimenti ya protini, lotion ya kuachia kichwani nayo ya protini. Acha zote kwa wiki kadhaa, tumia kondishena ya unyevu, zitalegea.

Dawa ya kulainisha isiyo na lai (lai ni sodiamu haidroksaidi). Ile ya kuchanganya krimu na kimiminika ina kalsiamu haidroksaidi, na inaacha mabaki ya kalsiamu juu ya nywele. Zinapauka, zinakuwa ngumu, kondishena haiingii na rangi inakaa kwa mabaka. Wengi huamini hiyo ndiyo dawa laini kwa sababu haiunguzi ngozi sana. Kwa ngozi ni kweli. Kwa nywele inazikausha kuliko ile nyingine.

Maji. Visima vingi vya Dar es Salaam vinatoa maji ya chumvi, na mtu anayeoshea hayo mwaka mzima anajijengea gamba la madini kichwani. Kwa hili na lile la kalsiamu suluhisho ni moja: shampuu ya kuondoa madini, yenye EDTA kwenye orodha ya viambato, mara moja kabla ya siku ya rangi, kisha kondishena nzito. Suuza ya mwisho fanya kwa maji ya mvua au ya chupa kama una namna. Nimeona nywele zilizodhaniwa zimekufa zikalainika siku hiyohiyo kwa kuondolewa chokaa tu.

## Nywele zina dawa na mwenye nazo anataka blondi

Jibu fupi ni hapana, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu kuna saluni watakaokubali.

Dawa ya kulainisha nywele, iwe ya lai au isiyo na lai, haivunji vifungo vya salfa kwa muda. Inavibadilisha kuwa vifungo vya aina nyingine kabisa ambavyo havirudi vilivyokuwa. Ndiyo maana nywele iliyowekwa dawa hairudi kuwa kipilipili hata uifanyeje. Unasubiri ya chini ikue. Kwa hiyo nywele ya namna hiyo tayari imetoa sehemu ya nguvu zake. Ukija na blichi inakwenda kuvunja vifungo vichache vilivyosalia. Hata tritimenti za kujenga vifungo hazirudishi vile vilivyobadilishwa na dawa. Wengine hutoka saluni blondi imekaa vizuri, wanapiga picha, na wiki ya pili au ya tatu nywele zinaanza kubaki kwenye mto.

Pa kuangalia kwanza ni mpaka, pale nywele mpya ya kipilipili inapokutana na ile yenye dawa. Upande mmoja una nguvu na umejikunja, mwingine umelala na umechoka, na kila ukichana mvuto wote unaishia hapo. Blichi ikipita kwenye mpaka huo zinakatikia mstari mmoja, na mtu anabaki na nywele za sentimita chache kichwa kizima.

Kinachowezekana: rangi ya kupaka, au ile yenye divelopa dhaifu, ya kiwango kilekile cha weusi au giza zaidi. Dawa inatangulia, rangi inafuata, na katikati acha angalau wiki mbili. Ukigeuza mpangilio, dawa itaichuna rangi uliyoilipia. Kuna wasusi wanaopaka rangi isiyo na divelopa siku hiyohiyo ya dawa. Mimi nasubiri, kwa sababu ngozi iliyotoka kwenye dawa mara nyingi ina vidonda vidogo ambavyo mteja mwenyewe havioni, na rangi ikiingia humo ndipo kelele zinapoanza.

Na kuna kosa moja halisameheki: kuchanganya dawa ya kulainisha na ile ya kukunja, iitwayo kali. Ya kali hutumia kemikali nyingine, ya jamii ya thayo. Nywele zilizopita kwenye moja haziruhusiwi kupita kwenye nyingine, acha mbali kuongezwa rangi juu. Kama mteja hakumbuki aliwekwa nini, kata kishada kidogo kisogoni, kifunge uzi, kipake unachotaka kukitumia na usubiri muda wote ulioandikwa kwenye boksi. Kikikatika, kimekatika kwenye meza.

Anayetaka blondi kwa moyo wote ana njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kuikuza nywele asilia mpaka ile yenye dawa iishe, na nywele zetu hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, wakati mwingine pungufu, kwa hiyo ni safari. Ya pili ni rasta au wigi la rangi anayoitaka, analivaa wikendi na kulitundika Jumatatu.

## Mizizi imewaka, katikati imegoma, ncha zimeingia giza

Rangi moja, boksi moja, kichwa kimoja, lakini matokeo matatu.

Mizizi kuwaka ni kazi ya joto. Ngozi ya kichwa ina joto, na joto linaharakisha kemikali, kwa hiyo sehemu ya karibu na ngozi huiva kabla ya nyingine. Anayepaka nywele nzima kwa mara ya kwanza aanzie katikati na mizizi aimalizie. Na usikalishe mtu chini ya draya ili "iwahi" kama maelezo ya boksi hayasemi hivyo.

Katikati kugoma kuna sababu tatu za kawaida. Moja, nywele zilikuja zimejaa mafuta ya mgando au grisi ya miezi, rangi haikuona pa kupita. Pili, pale katikati kuna rangi ya zamani. Rangi haiinui rangi, hilo liandike ukutani: aliyejipaka nyeusi ya boksi mwaka jana hawezi kwenda kahawia kwa kupaka kahawia juu. Itabadilika mizizi tu, ambayo haina rangi ya boksi. Watu hudhani rangi waliyonunua ni feki, wanarudia na divelopa kali zaidi, na uharibifu unaanzia hapo. Tatu, bidhaa yenyewe imekufa. Peroksaidi inadhoofika kwenye joto na mwanga, na chupa iliyokaa kwenye kibanda cha bati miezi kadhaa, kizibo kimelegea, inaweza kuwa imebaki maji zaidi kuliko dawa. Nunua chupa iliyofungwa, yenye tarehe, kutoka ndani ya duka, na isikae juani mlangoni.

Ncha kuingia giza ni magamba yaliyonyanyuka. Zinakunywa rangi kuliko zinavyohitaji. Zilowanishe kwa maji na kondishena kidogo kabla ya kupaka, na rangi ipitishe nchani dakika za mwisho tu. Kama tayari zimeingia giza, usikimbilie kuzitoa. Ncha zilizochoka hazishiki rangi muda mrefu. Baada ya kuosha mara chache utaona zimeshuka zenyewe.

## Imetoka chungwa, au kijani

Chungwa si ajali. Nywele nyeusi ikitolewa rangi hupita kwenye wekundu, kisha chungwa, kisha njano, na aliyesimamia njiani anapata alipofikia. Suluhisho la nywele zenye afya ni kuendelea kutoa. Suluhisho la nywele zilizochoka ni kuacha hapo na kulizima chungwa kwa rangi ya kupaka yenye bluu ndani yake. Njano huzimwa na zambarau. Shampuu ya zambarau juu ya chungwa haifanyi kitu cha maana, ni hela tu zinatoka.

Kijani huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni aliyekuwa blondi akapaka kahawia ya majivu moja kwa moja: wekundu wa asili ulishatolewa, kwa hiyo kahawia inakosa mguu mmoja na kugeuka ukungu wa kijani. Anzia na rangi ya kupaka yenye wekundu au shaba, halafu ndipo kahawia. Ya pili ni madini ya shaba yaliyomo kwenye maji ya bwawa la kuogelea, na hiyo inatoka kwa ile shampuu ya madini.

## Hina, piko na kichwa kilichovimba

Sehemu hii nitaikalia kidogo, kwa sababu Pwani hakuna harusi bila hina, na piko, ile rangi nyeusi ya kuchora mikono na miguu, haiko mbali.

Hina safi ni unga wa majani. Una kijani kilichofifia na harufu ya nyasi kavu, na unatoa wekundu wa chungwa. Kwenye nywele nyeusi huonekana zaidi ukisimama juani, kwenye mvi huwaka. Inashikamana na keratini na haitoki, kwa hiyo mwenye hina asitegemee kwenda blondi baadaye kwa amani. Lakini kwa nywele zilizochoka ni chaguo zuri, haina divelopa wala amonia. Ubaya wake ni kukausha, basi ifuate kondishena nzuri siku hiyohiyo.

Hina nyeusi haipo. Jani hilo halitoi weusi. Unga unaoitwa hina na unatoa weusi wa lami kwa dakika chache umetiwa kitu, na mara nyingi kitu hicho ni PPD, ambayo kwenye boksi huandikwa p-Phenylenediamine. Ndicho kilichomo ndani ya piko, na ndicho kilichomo kwenye rangi nyingi nyeusi za kudumu. Ulaya inaruhusiwa kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2 inapofika kichwani, na kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Piko inachorwa moja kwa moja kwenye mikono na miguu ya bi harusi, na mchoraji anachanganya kwa jicho.

Matokeo yake yanakuja saluni miaka kadhaa baadaye. Mama anataka kufunika mvi, ananunua rangi ya kawaida kabisa, na kesho yake macho hayafunguki kwa uvimbe. Ukimuuliza anakumbuka kwamba siku ya harusi yake ua la piko lilimtoa malengelenge mkononi, akapaka mafuta likapona na kuacha alama. Mwili ulishaijua PPD siku ile, na hausahau. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja wa Zanzibar, Mombasa, Tanga au Lamu liwe hili: piko imewahi kukuwasha au kukutoa malengelenge? Akisema ndiyo, rangi yenye PPD kwake imekwisha maisha yote, na hata kipimo cha nyuma ya sikio asifanyiwe nyumbani wala saluni. Aende kwa daktari wa ngozi. Amwambie pia daktari wa meno kabla ya ganzi, maana baadhi ya dawa za ganzi zina undugu na kemikali hiyo.

Ambaye hajawahi kudhurika apimwe: tone la rangi iliyochanganywa nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa kiwiko, saa 48 kabla. Siku mbili ni nyingi kwa mtu mwenye shughuli Jumamosi, najua, lakini mzio huu hauji haraka. Anayepima dakika ishirini hajapima. Ukianza mwasho wa moto na rangi iko kichwani, suuza kwa maji mengi mara moja. Uvimbe ukifika kwenye macho au midomo, au pumzi ikibana, hapo ni hospitali na si maziwa.

Kuna hina nyingine za kuchanganywa viwandani zenye chumvi za metali, na zile dawa za mvi zinazokolea kidogokidogo kila siku huweza kuwa nazo pia. Hizi zikikutana na peroksaidi zinaweza kuchemka juu ya kichwa. Kishada cha kisogoni kitakwambia: kiloweke nusu saa kwenye mchanganyiko uleule unaotaka kutumia, ndani ya bakuli la kioo au plastiki. Kikipata joto, kikitoa povu au harufu kali, acha. Hakuna cha kufanya zaidi ya kukuza na kukata.

## Rangi inaondoka kila ukiosha

Rangi ya kupaka kuondoka ndiyo tabia yake. Inayoondoka mara ya kwanza au ya pili ndiyo yenye tatizo, na kwa nywele zilizochoka tatizo ni magamba yasiyofunga. Maliza kazi ya rangi kwa suuza yenye uchachu kidogo: kijiko kikubwa cha siki kwenye vikombe viwili vya maji. Maji ya moto acha, maji ya kawaida ya bomba yanatosha. Shampuu yenye povu kali ibadilishe. Funga kichwa juani, na kabla ya kuingia baharini zilowanishe nywele kwa maji baridi na kondishena ili zisinywe chumvi.

Maruni na nyekundu huondoka upesi kuliko rangi nyingine, hata kwa msusi hodari. Anayezitaka ajue atarudi.

## Utosi unaonekana

Hapa tatizo limeshatoka kwenye nywele na kuingia kwenye ngozi. Nywele zikipungua pembeni usoni, mara nyingi ni mvuto wa misuko ya kubana na gundi ya wigi. Legeza mapema zitarudi, chelewa hazirudi. Zikipungua kichwa kizima, kwa kinundu cheupe, na mwenye nazo amejifungua miezi mitatu au minne iliyopita au ametoka kwenye homa kali, hiyo hupita yenyewe na rangi haina hatia. Lakini utosi ukianza kuwa wazi kama duara, ngozi ikawa laini na inang'aa, vitundu vya nywele havionekani tena, pengine na mwasho au kuchomachoma, huenda ni ugonjwa unaoacha kovu mahali mizizi ilipokuwa. Kovu likishakaa, nywele haioti. Mteja wa namna hii simpaki chochote, hata kile cha asili, mpaka daktari wa ngozi amwone. Nampiga picha ya utosi kwa simu yake mwenyewe, kwenye mwanga wa dirishani, ili aende nayo, na mwezi unaofuata tunapiga nyingine tukiwa tumemkalisha palepale.